Mashauri ya Nyumbani: Kijana Wetu Asomee Nini?



Kila mwaka, mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yatokapo, nyumba nyingi za hapa Sekei, na za Sanawari na Ilboru pia, huwa na baraza ya usiku. Baba huketi, mama huketi, mjomba hupanda gari kutoka Usa River, na kijana huwekwa katikati kama mshitakiwa. Neno linalosemwa ni moja: ataingia Chuo Kikuu kusomea nini? Mjomba ataka sheria. Mama ataka udaktari. Baba asema uhasibu, kwa maana mtoto wa jirani amesoma uhasibu pale Njiro, naye sasa ana gari. Kijana mwenyewe hunyamaza, nao hudhani kunyamaza kwake ni adabu.

Hatuilaumu baraza hiyo. Ni jambo jema jamaa wakutane, washauriane na kuomba pamoja. Walakini mwezi huu twataka kusema neno moja wazi, nalo ni hili: baraza hiyo imechelewa. Shauri wanalolitafuta usiku ule lilikwisha kukatwa miaka mitatu au minne nyuma, wala hapakuwa na mtu nyumbani aliyejua kwamba linakatwa.

Tazameni jinsi mambo yaendavyo. Kwa miaka mingi imekuwa desturi katika shule zetu kwamba mtoto aingiapo kidato cha tatu aweza kuacha fizikia na kemia, akabaki na masomo mengine. Umri wake ni miaka 15 au 16. Labda mwalimu wa fizikia hakuwapo muhula mzima, na alama za mtoto zikawa mbaya. Labda rafiki yake ameacha, naye akamfuata. Hakuketi na mtu, hakuuliza neno. Siku ile mlango wa udaktari ulifungwa, na wa uhandisi, na wa ufamasia, tena ulifungwa kimya, hata baba hakusikia kishindo. Na mitaala mipya iliyotolewa mwaka 2023 imelisogeza jambo hili nyuma zaidi, maana sasa kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na mtoto huelekezwa njia yake tangu kidato cha kwanza.

Kisha huja fomu ya machaguo, iitwayo Selform, ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huandika ndani yake masomo matatu atakayoyachukua kidato cha tano. Wanafunzi huyaita kombi, na Serikali huyaita tahasusi. Mwezi wa tatu mwaka 2024 Serikali ilitangaza kwamba tahasusi zaongezwa kutoka 16 hadi 65, na ndani yake zimo za michezo, za sanaa, za lugha, hata za elimu ya dini. Ni habari njema, walakini mlango ukiwa mmoja mtoto hapotei. Milango ikiwa 65 yafaa awepo mtu wa kumshika mkono.

Mwisho ni Chuo Kikuu chenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo, na kila shahada imeandikwa pamoja na masomo yanayotakiwa. Kwa shahada nyingi yatosha kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A kuwa 5, B kuwa 4, na kushuka hivyo mpaka E ambayo ni 1. Lakini masomo hayo mawili lazima yawe yale yanayohusu shahada ile. Atakaye udaktari wa binadamu hana budi kufaulu fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Basi kijana aliyesoma historia, jiografia na Kiingereza, hata akiamka na miaka 20 akasema Mungu ameniita niwe tabibu, baraza ya mjomba haina la kumfanyia.

Ikiwa si baraza, ni nini basi kinachomchagulia mtoto? Sisi twaona kwamba cha kwanza ni macho. Mtu hatamani kazi asiyoiona. Mtoto wa Sekei aendapo shuleni asubuhi huona magari ya watalii yakitoka kuelekea Ngorongoro na Serengeti, na vijana wa nguo za kaki wakisema Kiingereza na Kifaransa na Kijerumani. Huona hospitali ya Mount Meru na wauguzi wakibadilishana zamu. Huona jengo kubwa la AICC, na watu wa suti nyeusi wenye majalada mikononi. Basi huwa mwongoza watalii, au muuguzi, au wakili katika mawazo yake, kabla hajaota ndevu.

Wala sheria haikuanza kupendwa hapa kwa sababu ya suti. Wazee wa Meru waliijua kwa uchungu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapata 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili iwape walowezi. Watu wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akavuka bahari mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliyewasaidia kuliandaa shauri lile ni wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Walishindwa kwa wakati ule. Lakini watoto waliowasikia baba zao wakilitaja jina la wakili yule walijua shule ni ya nini. Tena mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa mjini hapa tangu mwaka 1995 hata mwisho wa mwaka 2015, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imo Arusha tangu 2007. Si ajabu vijana wetu wakipenda sheria.

Ila jicho huona vazi, halioni njia. Ni wazazi wangapi wajuao kwamba shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili? Baada yake iko Shule ya Sheria ya Tanzania, na Oktoba mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Kamati iliundwa kuchunguza, na maneno yakawa mengi. Sisi tulimfikiria baba aliyekwisha kuwaalika watu kwa pilau.

Kadhalika utalii. Mwaka 2019 wageni walioingia Tanzania walikuwa karibu milioni 1 na nusu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia za dunia, walikuwa 620,000 hivi. Hapa Arusha tuliliona jambo hilo kwa macho, maana vijana wenye vyeti vya utalii waligeuka kuuza mboga na mitumba. Hatusemi utalii haufai. Wageni walirudi, na mwaka 2023 walipita milioni 1 na laki 8. Twasema tu kwamba mtoto huchagua kwa kazi anayoiona leo, naye ataitafuta kazi hiyo baada ya miaka sita au saba.

Na kuna mambo yaliyo mbele ya uso wake, wala hayaoni. Jambo hili latusikitisha kuliko yote. Watoto wengi wa mlima huu wana meno ya rangi ya hudhurungi. Mtoto hujitazama katika kioo kila asubuhi, huona haya kucheka mbele ya wageni, na wenzake wa mikoa mingine humtania. Sababu yake ni madini ya floridi, ambayo ni mengi mno katika maji yetu kwa kuwa mlima ni wa volkano. Yakizidi hupinda hata mifupa. Haya ni kemia tupu! Mtoto anayo kemia kinywani mwake, na hakuna mtu aliyemwambia. Akienda darasani huandika ubaoni majina ya elementi kama anayekariri majina ya miji ya ng'ambo, kisha kidato cha tatu huliacha somo kwa kuwa halimhusu.

Pale Tengeru iko Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, nayo imepokea wanafunzi tangu 2011. Mmoja wa wataalamu wake, Dakta Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia, alibuni chujio la maji linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali, floridi nayo ikiwemo. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Alikulia upande wa Karatu, ambako maji mabaya yaliwasumbua watu wake. Huyo aliona. Tungependa kujua ni walimu wangapi wa Arusha wamewahi kulitaja jina lake wanapofundisha elementi.

Hali ni mbaya zaidi kwa kilimo. Twakaa katika nchi ya migomba na kahawa. Mboga na maua ya Arusha hupanda ndege kwenda Ulaya. Kituo cha Selian kimetoa mbegu za maharage zinazoliwa na watu ambao hawajui zilikotoka. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro tangu mwaka 1984. Lakini muulizeni kijana: ni wangapi katika darasa lako waliokiweka kilimo cha kwanza? Atacheka. Anacheka kwa sababu sisi wenyewe tumemfundisha kucheka. Mtoto akichelewa shuleni, adhabu yake ni nini? Jembe. Akipiga kelele darasani? Fyekeo. Nyumbani, akipata alama mbaya, baba humwambia: usiposoma utaishia kulima. Basi miaka kumi na minne mtoto husikia kwamba shamba ni jela ya wajinga, na mwaka wa kumi na tano twamshangaa kwamba hataki shahada ya kilimo. Walimu wapendwa, tafuteni adhabu nyingine.

Cha pili kinachomchagulia ni mfuko. Hapa hatuwezi kumhukumu mtu, maana umaskini si dhambi. Bodi ya Mikopo iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005, na kwa miaka mingi imetanguliza masomo ambayo nchi yahitaji, kama vile udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 wako pia wanaosomeshwa na Serikali bure kwa sababu ya alama za juu za sayansi, kwa ufadhili uitwao Samia. Ni haki nchi ichague mahali pa kuweka fedha yake. Wala si jambo jipya: Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari, alisomea Moscow, akamaliza mwaka 1969, kwa kuwa zamani zile mlango uliofunguka ulikuwa kule. Mfuko wa mtu mwingine ukamfungulia, nasi sote tumefaidi.

Lakini sikieni habari ya ualimu. Kulikuwa na miaka ambayo kijana wa nyumba maskini alijua kwamba akichukua ualimu atapata mkopo, atapata bumu la kula, na akimaliza Serikali itampeleka shule fulani akaanze kazi. Basi vijana maelfu kwa maelfu waliingia ualimu, wenye wito na wasio na wito. Kisha ajira zikapungua, na zilizobaki zikawaendea zaidi walimu wa hisabati na sayansi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, walimu walipoitwa kwenye usaili, walioomba walikuwa zaidi ya 200,000, na nafasi hazikufika 15,000. Mahesabu hayo yasomeni mara mbili. Kila mmoja wa hao ana mama aliyeuza ndizi. Tena mkopo ni deni: mtu akipata kazi ya mshahara hukatwa 15 kwa mia mpaka amalize.

Hapo ndipo tuonapo kosa la kuuliza swali moja tu la fedha. Wazazi huuliza, nani atamlipia asome? Hawaulizi, akiisha kusoma, ni nani amhitajiye, na wenzake wangapi wamekwisha kupanga mstari mbele yake? Neno hili la pili halimo katika fomu ya mkopo.

Zamani mambo yalikuwa mepesi kwa kuwa yalikuwa machache. Mtoto wa misheni alikuwa mwalimu, au mwinjilisti, au karani, au fundi seremala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Baadaye Serikali ilipanga kwa hesabu ya watumishi inaowahitaji. Hata mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, vijana wengi walitakiwa kwanza wakafanye kazi ndipo waingie Chuo Kikuu. Azimio lile lililaumiwa kwa mambo mengi, lakini sisi twaona neno moja zuri ndani yake: mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka miwili, akiulizwa ataka kusomea nini, hujibu kwa sauti yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa heshima ya wazazi, maana hapa pana machozi.

Mama mmoja wa hapa Sekei ametuandikia, naye ametupa ruhusa kuisema habari yake bila jina. Binti yake yuko kidato cha nne. Katika hisabati na jiografia ni wa mbele, tena tangu utoto hupenda kuchora nyumba na kupima vyumba kwa hatua za miguu. Siku ya kipaimara chake baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimama mbele ya wageni akasema: huyu nimemtoa kwa Mungu, atakuwa daktari. Watu wakapiga makofi, na tangu siku ile majirani humwita Dakta. Mwaka huu katika mitihani miwili kemia yake imekuwa D, na baiolojia haikuzidi. Yeye ataka kuandika tahasusi ya fizikia, jiografia na hisabati, ili siku moja asomee upimaji wa ardhi au usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu Ardhi. Baba amesema: ukiandika hiyo, ada utajilipia. Mama auliza afanyeje.

Mzee wetu, twakuandikia kwa heshima, kwa kuwa twajua ulisema neno lile kwa upendo. Twakuomba usome tena habari ya Yeftha katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 11. Yeye naye aliweka nadhiri kwa moyo wa kumpenda Mungu, akaweka juu yake kitu ambacho hakikuwa chake peke yake, na aliyelipa ni binti. Nadhiri yako ni yako. Waweza kuilipa kwa mikono yako na fedha yako. Kisha ufungue Kutoka sura ya 31, uone habari za Bezaleli. Mtu yule hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi wa dhahabu na mbao na mawe, na imeandikwa kwamba ujuzi wake wa kubuni ulitoka kwa Roho wa Mungu. Je, mwenye kupima ardhi kwa haki, katika wilaya hii ambayo ndugu washtakiana kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili, huyo hamtumikii Mungu? Binti yako akiwa mpimaji asiyepokea rushwa, wajane wengi wa Meru watamwombea kuliko waombavyo kwa daktari.

Nawe mama, usimpinge mume wako mbele ya mtoto. Chukua karatasi za mitihani ya miaka miwili, mweke mbele yake alama zilivyo, kisha mwende wote watatu kwa mwalimu wa taaluma.

Ila tusimfanye kila mtoto kuwa Bezaleli kwa kuwa amesema napenda. Kupenda kwingine ni uvivu uliovaa kanzu. Kijana aliyeacha hisabati kwa kuwa ni ngumu, kisha akasema moyo wangu uko katika utangazaji, yafaa aulizwe: umewahi kutangaza wapi? Umeandika nini? Binti yule alikuwa akipima vyumba tangu utoto, hakuna aliyemwamuru. Huo ni ushahidi. Aliyetazama filamu za mahakama miezi miwili hana ushahidi bado. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawakusema umkunje hata avunjike, wala hawakusema umwache ajikunje mwenyewe.

Walimu, ninyi mna nguvu kuliko mjuavyo. Neno la baba husikika nyumbani, lakini mwalimu wa kidato cha pili akimwambia mtoto, wewe kichwa cha hisabati huna, neno lile hukaa miaka arobaini. Twawajua wazee wenye mvi wanaolikumbuka mpaka leo, na jina la mwalimu, na siku yenyewe. Na akimwambia msichana kwamba fizikia ni ya wavulana, amefunga milango kumi kwa sentensi moja. Mwalimu asiye na chombo cha kemia anaye mtungi wa maji na meno ya wanafunzi wake, aanzie hapo.

Wala wazazi msiogope kana kwamba shahada ni hukumu ya kifungo cha maisha. Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alifundisha baiolojia. Akaenda Edinburgh mwaka 1949, akasoma mambo ya historia na uchumi na falsafa, akamaliza 1952. Watu hugeuka, na Mungu huwatumia walipo. Vilevile yuko kijana ambaye kidato cha tano hakikumwezekana: njia ya stashahada i wazi, mathalan katika Chuo cha Ufundi Arusha, naye akifaulu vema aweza kuingia Chuo Kikuu kwa mlango huo. Jirani atakuambia kwamba ni njia ya walioshindwa. Muulize jirani huyo ni nani aliyemfungia umeme nyumbani mwake.

Kwa hiyo shauri letu kwa mwezi huu ni dogo. Mwenye mtoto wa kidato cha pili asingoje mwezi wa saba wa kidato cha sita. Jumamosi moja achukue mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, ambao hupatikana bure katika intaneti, aketi na mtoto, waangalie shahada tatu ambazo mtoto hajapata kuzisikia, na masomo zinayoyataka. Asiyejua kusoma Kiingereza cha kitabu kile amwombe mwalimu wa shule ya Jumapili. Na matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kumbukeni kwamba Serikali hutoa siku chache za kubadili machaguo ya Selform. Wengi huzipoteza siku hizo kwa kutojua.

Mwalimu mmoja rafiki wa ukurasa huu huwapeleka wanafunzi wake wa kidato cha pili kwenye maonyesho ya Nane Nane, katika uwanja wa Themi pale Njiro. Zamani walikwenda kunywa soda na kutazama ng'ombe wakubwa. Sasa kila mwanafunzi hupewa karatasi yenye maswali matatu, amwulize mtaalamu mmoja amwonaye pale: ulisomea nini, nani alikulipia, na kama ungeanza tena leo, ungesomea nini? Mwalimu huyo atuambia kwamba jibu la swali la tatu ndilo watoto waliloshindania njia nzima ya kurudi, na wawili kati yao walimfuata ofisini siku ya pili kuuliza kama bado waweza kurudishwa katika fizikia. Wamerudishwa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutachapa majibu machache kati ya yale waliyoyaandika.